Mkono wa Mkandaji: Habari za Tiba ya Maungo katika Nairobi

Mtu aingiaye katikati ya jiji la Nairobi jioni ya Jumamosi, akapanda ngazi za mojawapo ya majengo yaliyosongamana baina ya Mtaa wa Biashara na Mtaa wa Tom Mboya, akaketi katika kiti cha kinyozi, hainuki pale kwa kunyolewa tu. Wembe ukishamaliza kazi yake huletwa taulo lililochovywa katika maji ya moto, likafunikwa usoni. Kisha mkandaji, ambaye aghalabu ni msichana, husimama nyuma ya kiti, akashika utosi kwa vidole kumi, akateremka kisogoni, akaifuata misuli ya shingo mpaka mabegani, akabinya, akasugua, akapigapiga kwa kingo za viganja, hata yule dereva wa matatu au karani wa benki aliyekuwa ameketi tangu alfajiri akajihisi kama aliyetuliwa mzigo. Kazi hii haizidi robo saa, malipo yake ni madogo, wala hapana anayeiita tiba. Lakini mimi kila niionapo mikono ile hujiuliza imetoka wapi, kwa maana ni mikono yenye nasaba ndefu, na nasaba hiyo ni sehemu ya tarehe ya jiji lenyewe.

Ukoo wake wa kwanza ni wa pwani. Watu wa Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa na msamiati kamili wa kazi ya mkono juu ya mwili kabla reli haijafikiriwa: mguu ulioteguka ulichuliwa kwa mafuta ya nazi au ya ufuta, bibi harusi alisingwa kwa liwa na manukato, mwenye maumivu ya mgongo alipigwa chuku, na aliyevunjika mfupa alipelekwa kwa mhazigi, fundi wa kuunga mifupa, ambaye alijua kwa kupapasa tu mahali ulipoachana. Juu ya maneno hayo yote limesimama neno kukanda, nalo lina maana mbili ambazo lugha yetu imezifunga pamoja kwa hekima, yaani kubonyeza mwili kwa viganja kama ubonyezavyo unga wa maandazi, na kuuwekea mwili joto la maji ya moto kwa kitambaa. Mzazi aliyejifungua hukandwa kwa namna zote mbili muda wa arubaini yake. Msomaji alikumbuke neno hili na maana zake, kwa kuwa tutalikuta tena huko mbele, likitendwa na watu wasiojua Kiswahili.

Elimu iliyosafiri pamoja na Uislamu katika Bahari ya Hindi ilikuwa na vitabu juu ya jambo hili. Ibn Sina, tabibu aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, katika kitabu chake kikubwa cha Qanun aliiweka kazi ya kusugua mwili karibu na mlango wa riadha, neno lile lile tulitumialo sisi leo kwa mbio na michezo ya viungo. Akafuata njia ya Jalinusi, tabibu wa Wayunani, akaigawa misuguo kwa nguvu zake na athari zake: ule mgumu hukaza mwili, ule laini huulegeza, ule wa kukithiri huukondesha, na ule wa wastani huustawisha. Tena akatenga msuguo wa kujiandaa, ufanywao kabla ya mazoezi ili viungo vipate kuamka, na msuguo wa kurejesha, ufanywao baada ya mazoezi kwa upole na mafuta, ili kuyayeyusha mabaki ya uchovu ambayo zoezi lenyewe limeshindwa kuyatoa ndani ya misuli. Naomba tulitie alama jambo moja hapa, ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha habari yote: tabibu huyo hakuuweka mkono badala ya mwendo. Mwendo ndio uliokuwa tiba, na mkono uliutangulia kuufungulia mlango, kisha ukaufuata kufagia nyuma yake.

Huko Unguja, katika enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, likajengwa hamamu la watu wote kwa mtindo wa Kiajemi, na mtaa ule unaitwa Hamamni mpaka leo, ambako mtu alioga kwa maji ya moto na ya baridi, akanyolewa na kuhudumiwa mwili wake wote chini ya paa moja. Hivyo kinyozi wa Nairobi anayekuletea taulo la moto kisha akakukanda mabega hakuzua jambo jipya. Amerithi jambo la kale bila ya kuambiwa jina la aliyemwachia.

Reli ilifika mahali palipoitwa Nairobi mwezi wa Mei 1899. Kazi ya kuitandaza kutoka Mombasa hadi Kisumu iliwaleta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 katika hao waliacha roho zao njiani. Wengine wengi kuliko hao walirejeshwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema, na baadhi ya waliobaki walikuwa miongoni mwa waliofungua maduka ya mtaa ulioitwa Indian Bazaar, ambao sasa ni Mtaa wa Biashara. Pamoja na watu hao ulikuja ukoo wa pili wa mkono wetu. Kwa Wahindi kukandwa kichwa ni jambo la kila wiki, na amri yao ya kumwambia mtu abonyeze, champo, ndiyo mzazi wa neno shampuu, lililoandikwa juu ya chupa zote za kuoshea nywele. Aliyelivusha neno hilo hadi Ulaya ni Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Bihari, ambaye alifungua nyumba ya kuoga na kukanda katika mji wa Brighton, akaandika juu ya kazi hiyo kitabu kilichotoka mwaka 1822, na waungwana wa Uingereza wakamwendea kwa baridi yabisi na viungo vilivyokakamaa. Waingereza walilichukua neno wakaliacha tendo, likabaki sabuni peke yake. Katika kinyozi cha Nairobi neno na tendo vimekutana tena.

Ukoo wa tatu ni wa hospitali, nao una habari ambayo watu wa mji wetu ingewafaa sana kuijua. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha katika Stockholm chuo cha mazoezi ya mwili, na mazoezi yake, pamoja na ukandaji, yakaenea Ulaya nzima kwa jina la tiba ya Kiswidi. Lakini katika London ya miaka ya 1890 jina la ukandaji lilikuwa limeingia doa. Nyumba nyingi zilizoandikwa mlangoni kuwa ni za masaji zilikuwa nyumba za mambo mengine, na jarida la madaktari wa Uingereza likazishutumu waziwazi, hata muuguzi mwaminifu aliyejifunza kukanda wagonjwa akaona haya kuitaja kazi yake. Hapo wauguzi wanne, Rosalind Paget, Lucy Robinson, Margaret Palmer na Elizabeth Manley, wakaungana mwaka 1894 kuunda Jumuiya ya Wakandaji Waliofunzwa. Wakaweka mtihani, wakaweka na masharti: asikandwe mtu ila kwa maelekezo ya daktari, kazi isitangazwe ila katika magazeti ya tiba, mgonjwa asiuziwe dawa na mkandaji. Wanawake wale hawakuomba waaminiwe bure. Walijifunga wenyewe kwa sheria kali kabla ya kudai heshima, na heshima ikaja. Vita vilipozuka mwaka 1914 wakandaji 50 waliunda kikosi cha kuwahudumia majeruhi katika hospitali za Uingereza, kikakua mwaka hata mwaka kwa kuwa askari waliorudi na mikono na miguu iliyokakamaa walikuwa hawana hesabu. Mwaka 1920 jumuiya ikapewa hati ya kifalme, na mwaka 1944 ikachukua jina la fiziotherapia, yaani tiba ya maungo, ambalo ndilo lililotufikia sisi.

Katika vita hivyo hivyo Nairobi ilikuwa na majeruhi wa namna nyingine. Maelfu kwa maelfu ya wanaume walitolewa katika vijiji vya Afrika Mashariki kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza mpaka pande za Ruvuma, na kambi yao katika Nairobi ndiyo iliyouacha mtaa wa Kariakor na jina lake. Mtu aliyetembea miezi na mzigo kichwani, shingo imezama mabegani, magoti yamevimba, hakuundiwa kikosi cha wakandaji. Kama alikandwa, alikandwa na mwenzake, kando ya moto, kwa mafuta aliyoyapata na kwa ujuzi aliotoka nao kwao. Mahamali wa soko la Marikiti na wasukuma mikokoteni ndio warithi wa migongo ile, na mpaka leo wanatibiwa hivyo hivyo.

Hospitali ya Waafrika ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Wazungu walifungua yao mwaka 1954, ambayo ndiyo Nairobi Hospital ya leo, na ile ya Aga Khan ikafunguliwa Parklands mwaka 1958. Maana katika Nairobi ya zama hizo hata maumivu yalitengewa mitaa kwa rangi ya ngozi. Chuo cha mafunzo ya utabibu, kilichoanzishwa mwaka 1927 na ambacho sasa kimesimama ubavuni mwa Hospitali ya Kenyatta karibu na Barabara ya Ngong, ndicho kilichokuja kuwafundisha wataalamu wa tiba ya maungo ambao leo utawakuta katika hospitali za kaunti kuanzia Lodwar hadi Kwale.

Lakini mahali ambapo mkono ulidhihirisha uwezo wake, kwa maoni yangu, ni upande wa magharibi wa mji, kule Westlands. Mwaka 1958 ilianzishwa jumuiya ya kuwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo katika Kenya, ijulikanayo kwa herufi zake APDK, na makao yake yako kando ya Barabara ya Waiyaki mpaka sasa. Polio wakati ule ilikuwa ikipoozesha watoto, na chanjo ya kwanza iliyofaa ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu duniani.

Yafaa nieleze jinsi ugonjwa huo unavyoharibu kiungo, ili ifahamike kazi ya mkono ni ipi. Polio haiui misuli yote kwa usawa. Huua neva za mwendo za msuli huu na kumwacha jirani yake hai, na yule aliyebaki hai, akiwa hana wa kushindana naye, hukivuta kiungo upande wake mchana na usiku. Goti likakunjika lisinyooke, kisigino kikapanda juu, nyonga ikajikunja, na kano zikafupika kwa kadiri ya mkao huo mpaka mtoto asiweze kusimama hata kama nguvu iliyosalia ingetosha kumsimamisha. Dhidi ya uovu huo hapakuwa na kidonge. Palikuwa na mikono: mmoja hushika juu ya goti, mwingine hushika kifundo, na mguu hunyooshwa polepole, ukashikiliwa pale mwisho wake ulipo, ukalegezwa, ukanyooshwa tena, leo na kesho na keshokutwa, mpaka ufae kuvishwa vyuma vya kutembelea. Kazi hii mtaalamu huianza, lakini haimaliziki ila nyumbani, na anayeimaliza ni mama, asubuhi kabla hajaenda shambani na usiku kabla mtoto hajalala. Sijui kazi ya tiba yenye subira kuliko hiyo.

Na hapa ndipo neno letu la kukanda linaporudi. Katika Australia alikuwako muuguzi, Elizabeth Kenny, aliyekutana na watoto wa polio porini mwaka 1911, mahali pasipo daktari. Matabibu wa zama zile waliufunga mguu uliopooza kwa mbao na plasta usitikisike. Yeye, kwa kutojua mafundisho hayo, alikata blanketi la sufu vipande, akavichovya katika maji ya moto, akavikamua, akaufunika mguu mpaka msuli uliokaza ukalegea, kisha akausogeza kwa mkono na kumfundisha mtoto kuutumia tena. Wakuu wa tiba walimpinga miaka mingi. Alipofika Marekani mwaka 1940 ndipo njia yake ilipoanza kukubaliwa, na kufunga viungo kwa plasta kukaachwa. Nadharia zake juu ya ugonjwa wenyewe zilikuwa na makosa, na hilo lazima lisemwe, lakini mkono wake ulikuwa sawa: joto, kisha kukanda, kisha mwendo. Mama yeyote wa Mombasa aliyewahi kumkanda mzazi angeutambua utaratibu ule mara moja.

Polio imepungua sana kwa fadhili ya chanjo, na wagonjwa wa tiba ya maungo katika vitongoji vya magharibi leo ni wa aina nyingine: karani wa Kilimani ambaye shingo yake imesimama kama kigingi kwa kuinamia kompyuta, mchezaji wa raga katika uwanja wa RFUEA wa Barabara ya Ngong, ambako mashindano ya Safari Sevens yalianza mwaka 1996, na wale wakimbiaji wanaojinyoosha alfajiri chini ya miti ya Arboretamu, bustani iliyopandwa tangu 1907. Nchi yetu imepata sifa ya mbio duniani, na nyuma ya sifa hiyo wako wakandaji. Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, misuli yake ilikuwa imetunzwa kwa miaka na Peter Nduhiu, mtaalamu wa tiba ya maungo wa kikosi chao cha Kaptagat, ambaye jina lake halijulikani hata kwa nusu ya walioshangilia.

Je, mkono huo unafanya nini hasa ndani ya msuli? Wakandaji wengi wa mjini watakuambia wanaitoa asidi iliyoganda baada ya zoezi, na ukisikiliza vyema utatambua kuwa ni yale yale mabaki ya uchovu ya Ibn Sina, yaliyovishwa kanzu ya kemia. Imani hiyo haikusimama ilipopimwa. Asidi ya maziwa huondoka yenyewe katika misuli kwa muda wa saa moja hivi, mtu akandwe asikandwe, ilhali maumivu ya misuli hufika kilele siku ya pili. Mwaka 2012 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, wakawakanda mguu mmoja kwa dakika 10 na kuuacha wa pili, kisha wakachukua vipande vidogo vya misuli ya miguu yote miwili. Asidi haikutofautiana, bali mguu uliokandwa ulikuwa na dalili chache zaidi za uvimbe. Kadhalika kunyoosha misuli: mapitio ya tafiti yaliyotolewa na jumuiya ya Cochrane mwaka 2011 yalionyesha kwamba kujinyoosha kabla au baada ya zoezi hakupunguzi maumivu ya kesho ila kwa kiasi kidogo mno. Wala si vyema kuushikilia msuli umenyooka kwa muda mrefu kabla tu ya kukimbia kwa kasi, kwa kuwa hupoteza nguvu yake kwa muda. Afadhali mtu aamshe viungo kwa kutembea na kurusha miguu taratibu, na kule kunyoosha kwa kushikilia akuweke wakati mwili umekwisha pata joto. Faida ya kunyoosha iko mahali pengine, katika kukirefusha siku kwa siku kile kipimo cha mwendo ambacho kiungo kinakikubali, na faida hiyo haipatikani ila kwa kudumu.

Kwa hiyo simvunji moyo mtu apendaye kukandwa. Kukandwa kunatuliza maumivu, kunaleta usingizi, kunalegeza shingo iliyokaza, na hayo si mambo madogo kwa mja aliyechoka. Lakini mtu wa Kileleshwa alipiaye kukandwa kila Ijumaa, kisha akarudi kuketi siku tano bila ya kuinuka, amenunua nusu ya tiba akaiacha nusu iliyo bora, ambayo haina bei.

Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Wataalamu wa Tiba ya Maungo mwaka 2014, likaunda Baraza la kuwasajili na kusimamia mwenendo wao. Ilikuwa imepita miaka 120 kamili tangu wale wauguzi wanne wa London, na sababu zilifanana: katika Kilimani na mitaa jirani neno masaji limebeba tena lile doa la zamani, na mwananchi mwenye mgongo mbovu hana budi kuwa na njia ya kumtambua fundi wa kweli. Ziko hatari pia ambazo hazihusiani na heshima bali na uhai. Mkono uzungushao shingo kwa ghafla mpaka ikalia waweza kupasua mshipa wa damu uendao ubongoni na kuleta kiharusi, jambo la nadra lakini lililothibitika. Mguu uliovimba upande mmoja na kuuma pajani au shavuni mwake, hasa kwa mzazi au mtu aliyelala kitandani siku nyingi, usichuliwe kamwe kabla ya daktari kuutazama, maana huenda ni damu iliyoganda. Na mtu aliyeanguka akashindwa kusimama ni wa kupigwa picha ya mifupa kwanza.

Wale wasichana wa vinyozi hawayajui haya, wala si kosa lao, kwani hapana aliyewafundisha. Toka Mtaa wa Biashara hadi chuo cha tiba kilicho ubavuni mwa Hospitali ya Kenyatta ni mwendo wa miguu usiotimia saa moja. Rai yangu kwa wenye chuo, kwa Baraza na kwa wenye vinyozi ni kwamba yafunguliwe mafunzo mafupi ya jioni kwa ajili yao, yenye ada ambayo mshahara wao unaiweza, wafundishwe maungo ya mwili, mahali pa kugusa na mahali pa kuogopa, na wapewe cheti cha kuning'iniza juu ya kioo.